Timu ya kikapu ya chuo inafungwa kila wiki: isajili vipi?

Benchi la Pili
Wakuu, naomba mawazo. Chukulieni chuo kidogo cha Marekani, Divisheni ya Kwanza (daraja la juu) ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ushindi 6 msimu mzima. Fedha za kulipa wachezaji ni kiduchu, wafungaji wawili bora wanataka kuhama, na dirisha la uhamisho ni siku 15 tu baada ya fainali ya taifa. Kocha aanzie wapi: sekondari, vyuo vya miaka miwili, wanaohama kutoka vyuo vingine au wachezaji wa kigeni?

Kona ya Tatu
Mkuu, siku 15 ni za mchezaji kuingiza jina kwenye mfumo wa uhamisho, si za kusaini. Aliyeingia siku ya mwisho anaweza kusajiliwa hata Juni. Timu dhaifu inayojaza kikosi wiki ya kwanza inabeba waliokataliwa na wote. Acha nafasi 3 au 4 hadi Mei. Wapo waliokuwa wanasubiri simu ya chuo kikubwa, simu haikulia, na sasa wanataka mahali pa kucheza.

Ila kabla ya hapo, kaa na waliopo, mmoja mmoja, siku chache baada ya mechi ya mwisho. Mwambie dakika zake na nafasi yake msimu ujao. Tangu 2024 mchezaji mwenye masomo mazuri anahama mara nyingi apendavyo bila kukaa nje msimu, kwa hiyo ukimya wa kocha unamfukuza. Na usithubutu kumtafuta wa chuo kingine kabla jina lake halijaingia kwenye mfumo, ni kosa.

Mpiga Hesabu
Naongeza la kupima vipaji. Asilimia ya mitupu ya pointi tatu, ile ya kutoka mbali, inadanganya sana. Aliyetupa 40 akaingiza 16 ana asilimia 40. Mwenzake aliyeingiza 13 ana 32.5. Tofauti ni mipira mitatu! Tazama mitupu huru, ile ya baada ya faulo bila mtu wa kuzuia: mwenye zaidi ya asilimia 80 kwa mitupu mingi ana mkono wa kweli, hata kama timu yake haimpi nafasi ya kutupa kutoka mbali. Kwa wanaotoka Divisheni ya Pili, amini ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) na kuiba mpira kuliko wastani wa pointi, maana pointi hupungua akikutana na warefu.

Halafu nakala ya matokeo ya masomo. Hapa ndipo usajili unapokufa mwezi Agosti. Anayeingia mwaka wa tatu lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada atakayosoma kwenye chuo KIPYA. Ana kozi nyingi, sawa, lakini zisipohesabika kwenye shahada hiyo hachezi. Ipe ofisi ya taaluma ya chuo chako nakala hiyo kabla hujamwalika kutembelea.

Benchi la Pili
Nimekupata. Na wageni? Naona ni nafuu.

Kona ya Tatu
Ufadhili wa masomo hauna shida. Shida ni malipo: viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, inabana sana kazi ya kulipwa, kwa hiyo usiahidi fedha za matangazo bila mwanasheria wa uhamiaji. Aliyepitia klabu ya kulipwa, omba mikataba yake yote mapema, kwa sababu NCAA itaichunguza. Miadi ya ubalozi nayo huchukua muda, hivyo kumsajili mgeni Julai ni hatari.

Mpiga Hesabu
Kagua na ratiba. Mechi za ugenini ambazo vyuo vikubwa hukulipa uende kufungwa zinaleta fedha, lakini ukiwa nazo 7 kabla ya Januari, kijana unayemtaka ataona vipigo vya pointi 35 tu. Kubaliana na mkurugenzi wa michezo zipungue hata mbili. Na fedha kidogo uliyonayo usiigawe sawa kwa wote 15. Weka kwa mchezesha mpira na mrefu mmoja anayelinda kikapu. Mtupaji wa pointi tatu utampata Mei.