Mtoto wa miaka 13 kusaini mkataba wa kulipwa: kipaji kinalelewa au kinakamuliwa?

Beki Tatu: Wakuu, mnamkumbuka Olivia Moultrie, binti anayecheza soka Portland Thorns ya Marekani? Ana miaka 11 keshaahidiwa nafasi Chuo Kikuu cha North Carolina. 2019, ana 13, akakitema chuo na kusaini na Nike. NWSL, ligi ya wanawake ya Marekani, ikamwambia asubiri afikishe 18. 2021 akaiburuza mahakamani, jaji akaizuia ligi kumkatalia, na Julai mwaka huohuo akaingia uwanjani ana miaka 15. Wewe mzazi ungeruhusu? Mimi siruhusu. (Ingawa ligi yenyewe ya akina dada, ndiyo maana katoto kanatamba humo.)

Mama Pacha: Hayo ya kwenye mabano ndiyo yaliyokuleta, mengine ni mapambo. Freddy Adu alicheza ligi ya wanaume Marekani (MLS) 2004 akiwa na miaka 14. Nayo ni ya akina dada?

Shuti Kali: Adu alikuwa 16, usitulishe matango pori.

Mama Pacha: 14. Na 2024 Cavan Sullivan wa Philadelphia Union kaivunja rekodi yake ya kuwa mdogo kuliko wote kucheza ligi hiyo, naye 14.

Beki Tatu: Dada yangu, MLS ni kijiwe cha wastaafu, kila mtu anajua. Pelé alibeba Kombe la Dunia 1958 na miaka 17. Huko ndiko kuna mpira.

Mzee wa Kona: Casey Phair wa Korea Kusini kacheza Kombe la Dunia la wanawake 2023 ana 16. Nitajie mwanaume aliyewahi kufika huko na umri huo. Hayupo.

Shuti Kali: 😂😂 Mzee umejifunga! Hayupo kwa sababu kwa wanaume ni kugumu. Asante kwa kumsaidia Beki.

Mzee wa Kona: Kijana, punguza kelele. Nimeangalia mpira kabla hujazaliwa.

Kocha Mdogo: Samahani, turudi kwenye mada. Nimefundisha mabinti miaka sita, na kinachoninyima usingizi ni goti. Wasichana wanakatika ligamenti ya goti (kano inayoshikilia mifupa) zaidi kuliko wavulana, hasa umri huo. Nilikuwa na winga wa miaka 14. Aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, hakuguswa na mtu. Goti likapinda kwa ndani, likalia ta! Ananishika mkono, anauliza kama Jumamosi atacheza.

Beki Tatu: Si ndicho ninachosema? Watoto waachwe wakue.

Kocha Mdogo: Hapana mkuu. Wangu hakuwa na mkataba, wala daktari wa timu, wala wa kumlipia. Kaumia vilevile, ila kaumia bure.

Mama Pacha: Umesikia? Na hoja ya Moultrie mahakamani ilikuwa nyepesi tu: mvulana wa umri wake MLS inampokea, yeye anafungiwa mlango. Sasa Beki, futa yale mabano.

Beki Tatu: Sifuti. Utani mmoja mnanining'iniza kama jambazi. Wewe una binti anayecheza?

Mama Pacha: Ninao wawili, jina langu hulioni?

Shuti Kali: Nimeangalia. Adu alikuwa 14. Ila kwa sura alikuwa 16.

Mama Pacha: Na mabano?