Tupeane uzoefu: siku uliyoyaona makubwa na mbwa au mifugo kijijini

Mwana Chunya
Wadau habari za jioni. Jana nimekuja kijijini kumsalimia bibi. Basi limenishusha njia panda saa mbili usiku, simu imezima chaji. Kufika kwenye mwembe karibu na nyumbani, namkuta mbwa kakaa katikati ya njia. Habweki, haondoki, ananitazama tu. Nina miaka kumi na moja mjini, hata ile ya kuinama ukajifanya unaokota jiwe nimeisahau. Nikasimama pale na mfuko wa sukari na sabuni za bibi hadi mwenyewe akatoka na kibatari. "Pita, huyo ni Watajuta, haumi watu wa nyumbani." Nikamuuliza bibi, kanijuaje na hajawahi kuniona? Akasema, "Harufu ya ukoo."

Usiku kucha nimekumbuka mambo. Leta kisa chako: mbwa, kuku, punda, fisi, chochote. Changu mimi ni teke la punda, nitakiweka baadaye.

Fundi Baiskeli
Ya kuinama inafanya kazi popote. Hata kama hakuna jiwe.

Nyamongo Kwetu
Sio popote. Mbwa wa mjomba wangu Tarime ukiinama anakusubiri uokote, ndipo aanze kazi.

Kuku Koo
Watajuta! 😂 Hilo jina limenirudisha Muheza mwaka 1998. Mama yangu na jirani yake walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa migomba. Mama akapata mbwa, akamwita Wivu Hausaidii. Jirani naye hakukubali kushindwa, akaleta wa kwake. Wakati huo mama alikuwa ametoka kuezeka bati kwa hela ya kikundi, na bado anadaiwa. Jioni ya kwanza tu tunasikia upande wa pili: "Wa Mkopo! Wa Mkopo njoo ule!" Mama akaacha kukuna nazi, akatoka na kifuu mkononi.

Kesi ilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee wa watu akasikiliza pande zote mbili, akaamua kila mtu amwite mbwa wake kwa mluzi, marufuku kutaja jina. Tatizo mama hajui kupiga mluzi. Basi kazi ikawa yangu, kila jioni natolewa kwenye madaftari nikampigie mbwa mluzi. Na yule Wa Mkopo alikuwa anakuja kwangu kwa sababu mluzi wetu ulifanana. Alikula kwetu hadi akafa.

Binti Lushoto
Kwa hiyo mlimlisha mbwa wa adui miaka yote 😂😂

Kuku Koo
Miaka sita. Na jirani hakujua kwa nini mbwa wake hanenepi kwake ila ananenepa.

Mama Vifaranga
Nyie mnacheka na mbwa, mimi nalia na kuku. Nilistaafu nikasema nirudi Singida nifuge wa kienyeji, watu wanasema hawana gharama. Nilikuwa nao 64. Jumatatu asubuhi mmoja kasimama kona kajikunyata, kinyesi cha kijani. Nikasema baridi. Jumanne saba chini. Mmoja shingo imepinda anatazama nyuma, anazunguka kama anatafuta kitu alichodondosha. Alhamisi nimebaki na jogoo mmoja na bata. Bata hajali, anaoga tu.

Dokta wa Mbuzi
Pole mama. Hicho ni kideri, wengine mnaita mdondo. Dawa yake hakuna, ni chanjo tu. Ipo ya kudondosha jichoni, tone moja kwa kuku mmoja, unarudia kila miezi mitatu, vifaranga nao wasiachwe. Mchanje kuku mzima, ukisubiri wapinde shingo umechelewa.

Mzee wa Pumba
Sisi tunaponda mwarobaini na pilipili kichaa tunaweka kwenye maji. Mwaka wa nane huu.

Dokta wa Mbuzi
Mzee, na mwaka juzi uliniita banda zima limelala. Ulikuwa umewapa maji gani?

Mzee wa Pumba
Mwaka ule pilipili haikukolea.

Fundi Baiskeli
Naomba msaada wenu hapo hapo. Nina mbwa mzuri sana wa ulinzi ila ameanza kula mayai. Anaingia bandani kama mwenye nyumba, anatoka analamba mdomo. Mke wangu kasema achague mmoja abaki, na naona hajanichagua mimi.

Nyamongo Kwetu
Chemsha yai, litoe likiwa la moto kabisa, mpe. Harudii.

Binti Lushoto
Huo ni ukatili jamani. Okota mayai mapema, kuku wakishataga tu. Mbwa ana kosa gani kama wewe unalala hadi saa tatu?

Mzee wa Pumba
Mkate ncha ya mkia.

Kuku Koo
Mkia na mayai vinahusiana vipi mzee wangu?

Mzee wa Pumba
Havihusiani. Ila anaacha.

Tanga Raha
Mnaongea mbwa mbwa kama ndugu. Sisi tuliolelewa pwani mbwa akilamba chombo ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anakaa nje na mtu anakaa ndani. Naona siku hizi mnalala nao.

Binti Lushoto
Hakuna aliyesema analala naye. Na dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na wa kuwinda. Usichague unachokipenda tu.

Tanga Raha
Sijakataza ulinzi, dada. Nimesema nje.

Ngosha wa Meatu
Hata hao wa nje wana madhara msiyoyajua. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa karibu theluthi yao kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, na ugonjwa ule ulihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, hawa hawa wanaokula kiporo chetu. Ndipo wakaanza kuja kuchanja mbwa vijijini. Simba mzima na manyoya yake anaangushwa na ugonjwa wa Popi wa mama ntilie.

Nyamongo Kwetu
Chai.

Ngosha wa Meatu
Chai ya kwenu. Muulize yeyote anayekaa kando ya hifadhi.

Ndezi Mnono
Nilikuwa napita tu, lakini hiyo ya kuchanja mbwa imenigusa pabaya. Sijawahi kusimulia hili popote.

Ni Ulanga, 2004. Mpunga umeshavunwa, majaruba yamekauka. Wa bonde la Kilombero mnajua, huo ndio msimu wa ndezi. Mimi nipo darasa la sita, binamu yangu la tano. Tukatoroka shule na mbwa wetu wawili. Mbinu yenyewe mnaijua: mmoja anapiga mabua kwa fimbo, mbwa wanasubiri upande wa pili. Tulishapata ndezi mmoja mkubwa, tumemfunga kwa ukindu, tunabishana nani atabeba.

Akatokea mbwa wa tatu. Sio wa kijijini kwetu. Anakuja moja kwa moja kama mtu mwenye miadi, kichwa chini, taya limelegea, udenda unaning'inia hadi kwenye majani. Mbwa wetu ambao hawajawahi kumkimbia hata nguruwe pori wakatimua. Hapo ndipo tungekimbia na sisi.

Naendelea, ngoja nimpikie mtoto uji.

Kuku Koo
Mkuu unatuachaje hapo???

Fundi Baiskeli
Nakaa hapa hapa. Mayai yatasubiri.

Nyamongo Kwetu
Huyu naye anatupikia chai, sio uji.

Ndezi Mnono
Nimerudi.

Alinirukia mimi kwanza, akaniuma nyama ya mguu nyuma, hapa chini ya goti. Hakubweka wala kunguruma. Binamu yangu akampiga na fimbo ya ndezi hadi ikakatika, halafu akamvuta kwa mkono. Mbwa akaniachia, akamgusa yeye kwenye kifundo cha mkono, akaendelea na safari yake. Hakugeuka nyuma.

Kwangu lilikuwa jeraha la kuonekana, damu imejaa kwenye kandambili. Kwake yalikuwa matundu mawili madogo kama umechomwa na mwiba. Akayapaka majivu, akavaa kile kibangili cha mpira tulichokuwa tunakata kwenye tyubu za baiskeli. Akaniambia, "Wewe huwezi kuficha, sema. Mimi usinitaje. Baba akijua nimetoroka ataniua." Baba yake alikuwa mwalimu pale pale shuleni.

Nikasema nilikuwa peke yangu.

Mama alinikalisha kisimani akaniosha kwa sabuni ya mche na maji, anasugua, nalia, anasugua, hadi majirani wakatoka kuuliza. Bibi akaja na wazo la kuchoma manyoya ya mbwa nipakwe, mama akamjibu vibaya, mara ya kwanza kumsikia anamjibu bibi hivyo. Usiku ule ule baba akanipakia kwenye baiskeli. Kituo cha afya hawana dawa. Asubuhi tukapanda lori hadi hospitali. Sindano tano: siku ile, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Baba aliuza magunia mawili ya mpunga na baiskeli ikawekwa rehani. Kila nikirudi kuchomwa binamu yangu ananiuliza inauma? Nasema inauma. Anasema afadhali mimi.

Wiki ya saba akaanza kusema mkono unawasha kwa ndani. Anakuna kifundo chini ya kibangili. Kisha homa. Zahanati wakasema malaria, akapewa vidonge. Alipoletewa maji ya kumezea, kikombe kimefika mdomoni koo likaruka, akakitupa. Shangazi akadhani ana deko. Wakawa wanampepea kwa kanga kwa sababu ya joto, upepo ukimgusa anashtuka mwili mzima. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua, nikabaki nimeshika mlango.

Siku ya tatu alifariki.

Mama yake yupo hai. Mpaka leo anaamini ilikuwa malaria ya kichwani.

Mama Vifaranga
Mwanangu.

Kuku Koo
Pole sana mkuu. Sina neno.

Nyamongo Kwetu
Nafuta yale ya chai. Nisamehe ndugu yangu.

Jirani Mbaya
Lakini tuseme ukweli, ungesema angepona. Hili ulipaswa kulisema hata akupige nani.

Binti Lushoto
Mtoto wa miaka kumi na mitatu! Wewe una miaka mingapi na bado hujui kipi cha kuandika na kipi cha kukaa nacho?

Jirani Mbaya
Nimesema ukweli. Au ukweli siku hizi unaombewa kibali?

Tanga Raha
Jirani, kaa kimya. Ukweli huo anao yeye mwenyewe miaka yote hii, hahitaji umkumbushe.

Ndezi Mnono
Mwacheni. Hajasema kitu ambacho sijajisemea.

Dokta wa Mbuzi
Pole sana kaka. Nyinyi mlikuwa watoto. Wengine nawaomba mnisikilize kwa sababu wiki hii tu nimepigiwa simu na mtu anayeuliza manyoya yachomwe ya mbwa yule yule au hata wa jirani yanafaa. Hayafai ya yeyote! Ukiumwa, hata ukiparuzwa na jino tu, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, sio kwa kukadiria. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, na sindano umalize zote. Mbwa kama anajulikana na yuko hai, msimuue haraka, afungwe aangaliwe siku kumi. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna daktari atakayekusaidia. Na mbwa wachanjwe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri nyingi huwa zinachanja bure kipindi hicho, muulizeni mtendaji.

Mzee wa Pumba
Mimi wangu wanne nimewachanja wote. Pilipili ni za kuku tu.

Ngosha wa Meatu
Kwetu walipokuja kuchanja, watu walificha mbwa wakisema sindano inamfanya asijue kubweka. Wangu ndio kwanza kazidi, hatulali.

Fundi Baiskeli
Dokta, na huyu wa mayai naye anahitaji chanjo?

Dokta wa Mbuzi
Ana miezi mingapi?

Fundi Baiskeli
Ana miaka minne.

Dokta wa Mbuzi
Na hujawahi kumchanja? Una watoto nyumbani?

Fundi Baiskeli
Watatu.

Dokta wa Mbuzi
Funga simu, kesho asubuhi nenda kwa bwana mifugo wa kata yako. Mayai muachie ale.

Mama Vifaranga
Ndezi, shangazi yako anakaa wapi sasa?

Ndezi Mnono
Kule kule, mama. Kila Krismasi nampelekea kitenge. Mwaka jana alinishika mkono hapa kwenye kifundo akasema mna mikono inayofanana.

Binti Lushoto
Mleta uzi, uko wapi? Umetuwashia moto ukaondoka. Teke la punda je?

Mwana Chunya
Nipo, nasoma tu. Bibi ananiuliza nalia nini na simu.

Teke lilikuwa la kawaida. Nilipita nyuma yake.