Mpira wa jiko la gesi ukichomoka, nani abebe lawama?

Mkazi wa Makorora
Wanajukwaa, salaam kutoka Tanga. Shangazi yangu ameungua mkono na shingo baada ya mpira wa jiko jipya la gesi kuchomoka kwenye regyuleta akiwa anakaanga samaki. Mwenye duka anasema kosa ni la shangazi, kwa kuwa kijitabu kinamtaka mtumiaji akague mpira kila mara, ilhali kijitabu chenyewe ni cha Kichina na Kiingereza. Anaongeza kwamba hamtambui, maana aliyelinunua ni mwanawe. Je, madai yamekufa?

Chumbageni
Mpe pole shangazi. Hayajafa. Wengi humcheka yule bibi wa miaka 79 wa Albuquerque, Marekani, aliyemwagikiwa na kahawa ya McDonald's mwaka 1992, na wanamkosea sana, kwani kahawa ile iliuzwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80, bibi akaungua hadi kupandikizwa ngozi, na kampuni ilikwisha kupokea malalamiko kama 700 ya namna hiyo. Kwa kuwa alikifungua kikombe akiwa amekibana magotini, alibebeshwa asilimia 20 ya lawama, na fidia ya dola 200,000 ikashuka kuwa 160,000, mbali na adhabu aliyotozwa muuzaji. Uzembe wake uliipunguza fidia, haukuifuta.

Kuhusu mnunuzi, jambo hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 1932, katika kesi ya mwanamke aliyekuta konokono ndani ya chupa ya kinywaji cha tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake: mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji, awe amenunua au hakununua.

Binti Pangani
Naafiki, ila msimpe matumaini kupita kiasi. Mzigo wa kuthibitisha ni wa shangazi. Mahakama itauliza mpira ulifungwa na nani, na kama ulikuwa na kibanio. Ikiwa aliufunga kijana wa nyumbani bila kibanio, wakili wa duka atashikilia hapo hapo.

Mkazi wa Makorora
Aliufunga fundi wa duka. Sasa wameahidi kutupa mpira mpya tukiwarudishia ule wa zamani.

Binti Pangani
Msiurudishe, ndugu yangu. Huo mpira na regyuleta ndio ushahidi wenu. Vihifadhini vilivyo, pamoja na risiti na cheti cha hospitali, kisha mpeleke malalamiko Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango. Madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3, hivyo mwoneni wakili mapema.