Vin jaune ya Jura, savagnin changa au fino: ninunue ipi?

mgeni_wa_Arbois: Salamu wakuu. Jumamosi nilikuwa Arbois, kule Jura, mashariki mwa Ufaransa, kwenye shamba dogo la kilimo hai. Mzee mwenyewe akanimiminia waini ya rangi ya samli, inanukia walnati na bizari. Nikajua imechacha! Kumbe ndivyo ilivyo. Hiyo ni vin jaune, yaani "waini ya manjano", anauza euro 45; savagnin changa, ya zabibu hizo hizo, 24. Huku Lyon dukani kuna fino, sheri kavu ya Hispania, kwa 12. Mashemeji wanakuja Krismasi, nitapika kuku wa krimu na uyoga. Nishaurini.

babu_pipa: Ujue kwanza unalipia nini. Vin jaune ni zabibu za savagnin tupu, na waini inakaa kwenye pipa la mwaloni miaka 6 na miezi kama 3. Inapungua kwa kukauka, na hakuna anayejazia. Juu hamira inatanda kama utando wa maziwa yaliyochemka; huo ndio unaoilinda na hewa. Mapipa mengine hayafiki, yanaishia siki. Hata chupa yake ni ya sentilita 62, na wenyewe husema ndicho kinachobaki kwa kila lita iliyoingia. Kwangu 45 si ghali.

asiyependa_mbwembwe: Babu, fino nayo inalala chini ya utando. Euro 33 za tofauti ni nyama ya wiki nzima.

babu_pipa: Utando sawa, mengine mbali. Fino ni zabibu za palomino, inaongezwa pombe kali mpaka kama asilimia 15, halafu inachanganywa na ya miaka mingine. Na ukiifungua uimalize ndani ya siku chache. Vin jaune inakaa wiki kadhaa kwenye friji, unakunywa kidogo kidogo. Piga hesabu kwa glasi, si kwa chupa.

binti_Kisauni: Hiyo harufu mnayoiita bizari ni ya kemikali iitwayo sotoloni, na ndiyo iliyomo kwenye uwatu. Mara ya kwanza kuinusa nilirudi jikoni kwa mama Mombasa, mzima mzima 😂 Mgeni, usiipoze sana, nyuzi 14 hadi 16 zatosha. Ifungue saa kadhaa kabla wageni hawajafika. Na jibini la Comté lisikosekane mezani.

asiyependa_mbwembwe: Haya, ya glasi nimekubali. Lakini kumwaga euro 45 kwenye sufuria ni dhambi.

binti_Kisauni: Hapo uko sawa. Changa iende kwenye mchuzi, jaune iende mezani. Ila mgeni, hiyo changa umeuliza ni ya aina gani? Ikiandikwa "ouillé", pipa lilikuwa linajazwa, kwa hiyo utando haukutanda. Utapata limau na tufaha, walnati usahau. Unayoitaka ni "sous voile", yaani chini ya utando.

mgeni_wa_Arbois: Nimempigia mzee sasa hivi. Ya 24 ni ouillé! Ya utando anayo, miaka 4 ndani ya pipa, euro 29. Nimeagiza moja ya sufuria na jaune moja ya meza. Mashemeji wakisema imechacha, nitainywa peke yangu mpaka Februari.