Kwa kanuni ya Mill, RTLM ingefungwa lini?

Mpekuzi:
Wanajukwaa, salaam. Ninarudia kusoma On Liberty ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, kitabu cha mwaka 1859 chenye kanuni kwamba mtu azuiwe kwa nguvu pale tu anapowadhuru wengine, na nimekwama mwanzoni mwa sura ya tatu. Anasema kwamba maoni ya kuwa wafanyabiashara wa nafaka ndio wanaowaua maskini kwa njaa yaachwe yachapishwe gazetini bila bughudha, lakini mtu akiyatamka mbele ya umati wenye hasira uliokusanyika nyumbani kwa mfanyabiashara huyo, anaweza kuadhibiwa kwa haki. Maneno ni yale yale, ila mahali yaliposemwa pamebadilika. Sasa, RTLM, ile redio ya Rwanda iliyoeneza chuki dhidi ya Watutsi hadi mauaji ya kimbari ya 1994, na iliyoanza kurusha matangazo Kigali mwezi Julai 1993, tuiweke upande upi? Redio humfikia msikilizaji aliyejikalia nyumbani kama lifanyavyo gazeti, na wakati huohuo humfikia aliyesimama na panga kwenye kizuizi cha barabarani. Mfuasi wa Mill angekuwa na haki ya kuifunga lini?

Wakili wa Njiro:
Ndugu Mpekuzi, swali lako lilijibiwa kwa sehemu hapa Arusha. Mwezi Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Novemba 2007 majaji wa rufaa waliipunguza hukumu hiyo kwa hoja ambayo, kwa maoni yangu, Mill angeitambua mara moja: matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalipandikiza chuki ya kikabila, lakini haikuthibitishwa kwamba yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Yaliyofuata baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa siku hiyo ndiyo yaliyovuka mpaka, kwani baadhi yalitaja watu kwa majina na kuhimiza Watutsi waangamizwe. Kifungo cha maisha cha Nahimana kikawa miaka 30.

Bi Mwanakombo:
Kaka Wakili, sheria umeieleza vizuri, ila falsafa umeipitia juu juu. Mill hatetei maneno ya kila mtu kwa sababu tu yametoka kinywani mwake. Anayatetea kwa kuwa maoni yanayopingwa hadharani husaidia watu kuuona ukweli, na hata maoni potofu huilazimisha kweli ijieleze upya badala ya kukaririwa. Hoja hiyo haisimami bila wa kujibu. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alikusudia kwenda Redio Rwanda kuzungumza na wananchi, na walinda amani wa Ubelgiji walitumwa kumsindikiza. Hakufika, maana aliuawa siku hiyohiyo, na askari kumi wa Ubelgiji wakauawa pia. Pale ambapo anayejibu huuawa kabla hajafungua kinywa, sioni tunatetea mjadala gani.

Mzee wa Kibirizi:
Nakubaliana na binti yangu Mwanakombo kuhusu mwaka 1994, lakini naogopa kinachofuata mtu anapokabidhi serikali mamlaka ya kuamua nani anachochea. Rwanda ilitunga sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari mwaka 2008, kwa sababu ambazo hakuna mwenye akili timamu atakayezidharau. Januari 2010 mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire alisema kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, Kigali, kwamba Wahutu waliouawa nao wakumbukwe. Akashtakiwa kwa makosa kadhaa, na Mahakama ya Juu ikamfunga miaka 15. Novemba 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hiyohiyo, iliona kwamba maneno yake hayakuwa ya kuyakana mauaji ya Watutsi, na kwamba Rwanda ilikiuka uhuru wake wa kujieleza. Mill aliuliza pia ni nani asiyekosea kiasi cha kuaminiwa kuwanyamazisha wengine. Swali hilo naona mmelikwepa.

Wakili wa Njiro:
Shikamoo mzee. Sijalikwepa, ila tunajadili kana kwamba palikuwa na njia mbili tu, kuacha au kufunga watu jela. RTLM ilikuwa imetia saini mkataba na serikali mwezi Septemba 1993, na ndani yake iliahidi kutotangaza mambo ya kuchochea chuki na vurugu. Waziri wa Habari Faustin Rucogoza aliwaita viongozi wake Novemba 1993 na tena Februari 1994, akawataka waheshimu ahadi hiyo. Serikali kuusitisha mkataba wa masafa ya kurushia matangazo si sawa na kumwadhibu mtu kwa maoni yake, na hatua hiyo haikuhitaji kuthibitisha uchochezi wa moja kwa moja. Kwa hiyo nakujibu, Ndugu Mpekuzi: kumfunga mtu kulihitaji kusubiri Aprili, ila kuwanyang'anya masafa kungeweza kufanyika Februari. Waziri alikuwa na hoja hiyo mkononi, lakini hakuwa na nguvu ya kuitekeleza, kwa sababu waliokuwa nyuma ya kituo hicho walikuwa watu wa karibu na Rais. Waziri huyo naye aliuawa tarehe 7 Aprili.