Naomba ushauri: filamu fupi ya watoto wetu wenye ulemavu

MamaMtongwe: Assalam alaykum wapendwa. Sisi ni kina mama wa huku Likoni, watoto wetu wana mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Kijana wa mtaani amejitolea kutupigia filamu fupi kwa simu yake. Tabu ni kwamba anataka mtoto aonekane kalala mkekani, nzi usoni, na muziki wa huzuni, ati ndipo watu waguswe. Roho yangu inakataa. Binti yangu anakula mwenyewe kwa kijiko nilichokizungushia kitambaa mpinini apate kukishika, na tuktuk ya babake anaijua kwa mlio kabla haijafika. Majirani wanasema ana jini. Nataka wamuone huyu wa kijiko. Nifanyeje?

KameraKisauni: Dada, kataa. Huruma humtoa mtu shilingi mia, kisha mtoto wake mwenyewe humficha ndani vilevile. Anzeni na hicho kijiko, na simu ishuke usawa wa macho ya mtoto, msimpige kwa juu. Dakika 3 zatosha, watu watumiane WhatsApp bila kumaliza bando. Wekeni maandishi chini, viziwi nao watazame.

MwalimuMstaafu: Nimefundisha watoto hawa miaka mingi. Filamu nyingi huishia kwenye machozi, mama anayetazama asijue aende wapi. Semeni wazi kwamba si jini wala laana: ubongo huumia mtoto akiwa tumboni, akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa mwili kugeuka manjano sana akiwa mchanga au homa ya uti wa mgongo. Miezi 4 imefika na shingo haijakaza? Aende kliniki, asingoje. Na vituo vya EARC, vinavyotathmini mahitaji ya masomo ya watoto wenye ulemavu, vitajwe, wazazi wengi hawavijui.

SheriaMvita: Idhini ya mzazi iandikwe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka. Binti naye aulizwe. Akigeuza uso, simu izimwe. Kabla ya kuionyesha hadharani, ulizieni kibali kwa Bodi ya Kuainisha Filamu.

MamaMtongwe: Shukran sana. Kijana kasoma, kakubali. Tuionyeshe wapi kwanza?

MwalimuMstaafu: Kliniki siku ya chanjo, mzungumze na muuguzi msimamizi. Halafu banda la mpira kabla ya mechi. Kina baba wako huko, na wao ndio hawaji kwenye mikutano yetu.