Programu za kujifunzia: watoto watatu (miaka 4, 9 na 15), kishikwambi kimoja. Nianzie wapi?

MamaWatatu:
Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ushauri, maana jambo hili limeninyima raha mwezi mzima.

Mtoto wangu wa kati ana miaka 9. Nilimpakulia programu ya hesabu iliyosifiwa sana, ina nyota na kifaru anayeruka ukipata jibu. Wiki sita akakusanya nyota mpaka ukurasa ukajaa, nami nikaamini jedwali la kuzidisha limemkaa kichwani. Jioni moja nikampa karatasi na penseli, nikamwambia aandike 7 mara 8. Akanitazama, akauliza: "Mama, majibu ya kuchagua yako wapi?"

Kesho yake nikakaa pembeni nimwangalie anavyocheza. Kila swali lina majibu manne. Anagusa la kwanza, jekundu. La pili, jekundu. La tatu, kijani, nyota hiyo. Swali lenyewe halisomi. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu programu ilimfundisha kugusa haraka na yeye akafuzu.

Nimeifuta. Sasa sijui nichague vipi nyingine, na si kwa huyo tu. Mdogo ana miaka 4, anaanza herufi. Mkubwa ana 15, ana mtihani mbele yake. Anasema anasomea kwenye simu, lakini kila nikipita naona video tu. Intaneti yetu hukatika mara kwa mara, na matangazo siyataki kabisa.

MwalimuWaNamba:
Pole MamaWatatu, na hongera kwa ile karatasi. Wazazi wengi hawafiki hapo.

Nafundisha hesabu na sayansi, na kila programu kabla sijaiweka mbele ya mwanafunzi naikosea makusudi. Mara tano mfululizo. Kisha natazama inanifanyia nini. Ikisema tu "jaribu tena" na kuniacha niguse jibu jingine, naifuta papo hapo. Ikinionyesha hatua niliyoteleza, au ikinirudisha kwenye swali jepesi la aina ileile, naendelea kuichunguza. Jaribio la pili: nazima intaneti nione kinachobaki. La tatu: jibu linaandikwa au linachaguliwa? Mtoto anayeandika 56 ameitoa kichwani. Anayeigusa 56 huenda ameibahatisha.

Kwa huyo wa miaka 9, Khan Academy inafaa kwa mazoezi: majibu mengi yanaandikwa, na akiomba dokezo anapewa hatua moja moja. Haina matangazo wala malipo. Ila masomo yake mengi ni ya Kiingereza, hivyo mwanzoni utakaa naye.

Lakini mimi ningemwanzishia Scratch. Ilitoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, imelengwa watoto wa miaka 8 hadi 16, na lugha yake unaweza kuibadilisha iwe Kiswahili. Ukishaipakua kwenye kompyuta au kishikwambi cha Android haihitaji intaneti. Humo mtoto hajibu maswali ya mtu, anaunda mchezo wake kwa kuunganisha bloku, yaani vipande vya amri. Mwambie aunde mchezo wa kuwauliza wenzake jedwali la kuzidisha. Kuna bloku inayouliza swali na kusubiri jibu liandikwe. Ili mchezo useme nani amepata na nani amekosa, itambidi yeye mwenyewe ajue jinsi jibu linavyopatikana. Nimeona watoto wakibishana dakika ishirini juu ya 6 mara 9 kwa sababu mchezo wa mmoja wao ulikuwa unatoa jibu la ajabu. Hakuna aliyewalazimisha.

Wa miaka 15, kama anasoma fizikia au kemia, mpe PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni maabara za kuigiza, na nyingi unaweza kuzipakua. Sharti moja tu: kabla hajagusa kitu, aandike kwenye daftari anachotarajia. "Nikiongeza balbu ya pili kwenye mfuatano, ya kwanza itafanyaje?" Ndipo aiunganishe. Bila utabiri ule, inageuka kuwa kuchezea waya.

Jambo jingine kwa haraka: mahali popote panapodai jina kamili, picha na shule ya mtoto kabla hata hajaona somo, ondoka.

BabaMlezi:
Mwalimu amesema vizuri, ila huyo wa miaka 4 amemruka, na ndiye anayenigusa mimi.

Dada yangu MamaWatatu, kuwa mwangalifu na programu za herufi. Nilimwekea wangu moja nzuri kwa macho, na akashika herufi zote: "ei, bii, sii". Nikafurahi. Tulipofungua kitabu cha Kiswahili, neno "baba" likamshinda. Anasema "bii-ei-bii-ei". Ikanichukua miezi kumrudisha kwenye a, e, i, o, u na ba, be, bi, bo, bu. Lugha yetu inasomeka kwa silabi, na programu iliyotengenezwa kwa Kiingereza haina habari na silabi. Kwa hiyo isikilize kwanza kwa masikio yako, sauti kwa sauti.

Sisi sasa tunatumia African Storybook, hadithi fupi zenye picha, za bure, na za Kiswahili zipo nyingi. Namsomea, kidole changu chini ya neno. Khan Academy Kids nayo ni ya miaka 2 hadi 8, haina matangazo, na namwachia michezo ya maumbo na kupanga vitu, si herufi. Silabi tunaandika mchangani.

Muda pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa 1 kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na pungufu ni bora zaidi. Kwetu ni dakika ishirini, nami nikiwa kando yake.

Kidato_Usiku:
Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, nimeshapita mtihani ambao kaka au dada huyo anaukaribia.

Usimnyang'anye video. Tatizo ni kwamba ukitazama unahisi umeelewa. Mimi video moja ya mzunguko wa damu niliiona mara nne, na kwenye mtihani wa majaribio sikuweza kuchora moyo.

Kilichonisaidia ni Anki. Unatengeneza kadi, swali mbele, jibu nyuma. Ukikumbuka vizuri, kadi inarudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Ukisahau, inarudi upesi. Wazo lenyewe ni la zamani: mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alichapisha vipimo vyake vya kusahau mwaka 1885. Kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure, na inafanya kazi bila intaneti. Kadi atengeneze mwenyewe. Nilipakua za watu wengine, mamia, sikuzishika. Zangu 15 kwa siku zilinitosha.

MamaWatatu:
Marahaba mwanangu. Asanteni nyote, naleta mrejesho.

Nimekosea makusudi kwenye programu nne, mbili nimezifuta. BabaMlezi, ile ya mdogo ilikuwa ya "ei, bii, sii" hasa, nayo imeondoka. Mkubwa ana kadi 40 za kemia. Analalamika zinarudi, lakini anazifungua kabla ya kulala.

Wa kati ameunda mchezo wake, na jana alimhoji baba yake jedwali la 7. Mwalimu, swali moja: mchezo unachagua namba kwa bahati nasibu, na 7 mara 8 imetokea mara tatu mfululizo. Anasema umeharibika. Nifanyeje?

MwalimuWaNamba:
Haujaharibika, bahati nasibu ndivyo ilivyo. Mwambie aunde orodha yenye namba 1 hadi 12, mchezo uchague humo, na namba ikishaulizwa ifutwe kwenye orodha. Bloku ya kufuta iko sehemu ya vigeu (panapotunzwa namba na orodha za mchezo). Usimwonyeshe leo, mwache aitafute kwanza.